AKIBA HAIOZI, ILA PETROLI

Najua wengi wenu mkifungua kurasa hizi mnatarajia mashairi, vitendawili na zile hoja za ngeli ambazo hutugombanisha kila tukutanapo katika Chama cha Kiswahili. Mimi nimewaletea petroli. Mlezi wa chama alipokiona kichwa cha makala haya aliniuliza kama nimepotea njia nikitafuta jarida la Klabu ya Sayansi. Nilimjibu kwamba wahenga walisema akiba haiozi, nami nimeiona akiba inayooza, kwa hivyo hoja hii ni yetu. Alicheka, akanipa ruhusa.

Hebu tutazame huku kwetu Thika na Ruiru. Kiangazi kinapoingia, kando ya mito ya Chania, Thika na Ndarugu pampu huanza kunguruma tangu alfajiri, zikipandisha maji kwenye sukuma wiki, nyanya na mishiri, yale maharagwe machanga yanayouzwa ng'ambo. Umeme ukipotea Ruiru jioni, jenereta hupiga kelele mbele ya vinyozi na bucha kabla hujaupata mshumaa wako. Kuna mashine za kufyeka nyasi, kuna misumeno ya kuangusha mikaratusi, na za bodaboda sitazitaja kwa kuwa mnazijua kuniliko. Mashine hizi zote hunywa petroli kidogo kidogo. Na kwa sababu hakuna awezaye kuibeba pampu begani hadi kituo cha mafuta kila asubuhi, petroli huletwa nyumbani ndani ya mtungi. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: ile sehemu ya petroli inayotoroka mtungini ndiyo inayoiwasha mashine, na ndiyo hiyo hiyo inayochoma nyumba. Ukiizuia isitoroke umefanya kazi mbili kwa mkono mmoja. Ukiiachilia, unapoteza kote kuwili.

Sisi wa Kidato cha Tatu tunasoma kemia ya kaboni, na mwalimu wetu hutueleza kwamba petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, zile zenye kaboni 4 hivi hadi 12. Zile ndogo ni nyepesi na zina haraka ya kugeuka mvuke. Pentani, kwa mfano, yenye kaboni 5, huchemka kwenye nyuzijoto 36 tu. Stoo ya mabati chini ya jua la Februari hufika hapo bila shida. Zile kubwa ni nzito, hazina haraka. Sasa, unapoivuta kamba ya pampu asubuhi injini ikiwa baridi, ni zile nyepesi zinazopanda juu kama mvuke, zikachanganyika na hewa, zikashika cheche ya plagi. Mtungi ukikaa wazi au na kifuniko kisichobana, zinazoondoka kwanza ni hizo hizo. Bandu bandu humaliza gogo. Ukichungulia mtungini utaona mafuta bado yako, yamepungua kidogo tu, ila kilichobaki ni wazee wasioweza kuamka mapema.

Adui wa pili ni oksijeni. Hewa iliyo ndani ya mtungi huingiliana na baadhi ya haidrokaboni polepole, na kinachozaliwa ni kitu kama gundi. Joto huharakisha jambo hili, mwanga wa jua vivyo hivyo, na hata shaba huharakisha, ndiyo maana si vizuri kuiweka petroli mahali inapogusana na shaba kwa muda mrefu. Gundi hii mwanzo huwa imeyeyuka, huioni. Petroli hubadilika rangi kidogo kidogo, ikaanza kufanana na chai ya rangi, na harufu yake ile kali ikageuka kuwa kama ya vanishi ya fundi seremala.

Niliyaona haya kwa macho yangu Januari, kabla ya shule kufunguliwa. Mjomba wangu amekodi shamba la nusu ekari karibu na mto Ndarugu, na humo hupanda mishiri. Mvua za vuli zilipoanza Oktoba aliizima pampu yake, akaifunika kwa gunia na kuiacha na petroli tele ndani ya tangi. Si yeye tu afanyaye hivyo. Wakulima wengi hufikiri kwamba kuacha tangi limejaa ni kuitunza mashine, kama vile mtu anavyomwachia ng'ombe majani ya usiku. Mvua ilikatika mnamo Desemba, na wiki ya kwanza ya Januari mishiri ikawa imeanza kutoa maua. Wakati huo wa maua ndio mbaya zaidi kukosa maji. Mjomba alivuta ile kamba hadi kiganja kikatoka lengelenge. Pampu ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kabisa.

Tuliipakia kwenye matatu, tukailipia kama abiria, hadi Ruiru kwa fundi mmoja wa jua kali. Fundi hakuuliza mengi. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akatingisha kichwa.

"Mzee, hii mafuta imekufa."

"Imekufaje na ni petroli?" mjomba akamuuliza. "Niliinunua kituoni mwenyewe, si ya barabarani."

"Uliinunua lini?"

"Oktoba."

"Basi imezeeka, mzee wangu. Petroli si pombe ya muratina."

Alifungua kabureta na kuniita niangalie. Kwenye bakuli la chini kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia uliong'ang'ania chuma kama asali iliyokauka. Kisha akanionyesha tundu ambalo mafuta hupitia kwenda kwenye injini. Wasomaji wenzangu, tundu hilo ni dogo kiasi kwamba sindano ya kushonea haipiti. Tone moja la gundi linatosha kuliziba, na tundu hilo likizibwa pampu ya maelfu ya shilingi ni sawa na jiwe. Fundi alilisafisha kwa uzi mmoja mwembamba uliotolewa kwenye waya wa umeme, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akamwaga mafuta ya zamani yote, akatia lita moja mpya. Mvuto wa tatu mashine ikawaka. Alilipwa shilingi 1,500. Lakini hasara yenyewe haikuwa hiyo. Kati ya siku pampu ilipokataa na siku iliporudi shambani zilipita siku sita, na maua mengi ya mishiri yalikuwa yamepukutika. Mnunuzi alipokuja aliyakataa makatoni kadhaa kwa sababu maharagwe yalikuwa yamejipinda. Mishiri ile ndiyo inayonilipia pesa za chakula cha mchana hapa shuleni, kwa hivyo mtaelewa ni kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni hadi nikaanza kuulizauliza na kusoma.

Je, petroli hudumu kwa muda gani? Iliyo safi, ikiwekwa katika mtungi unaobana barabara, uliojaa karibu wote na uliokaa kivulini, hudumu miezi 3 hadi 6. Ndani ya tangi la mashine muda ni mfupi zaidi, kwa sababu kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupitishia hewa ili mafuta yaweze kushuka. Hapo mwezi mmoja au miwili ni mingi, hasa wakati wa joto. Zipo dawa za kuhifadhi petroli ambazo hurefusha maisha yake hadi mwaka na zaidi, lakini hizo hutiwa ikiwa mpya. Dawa haifufui maiti.

Ukitazama kalenda yetu ya mvua utaona kwa nini wakulima wa huku ndio wanaoumia. Masika huanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kila mvua ni kama likizo ya miezi miwili au mitatu kwa pampu, na likizo hiyo inatosha kabisa kuua mafuta yaliyoachwa tangini. Mwenye bodaboda hana tatizo hili kwa kuwa tangi lake huisha kila siku. Mwenye jenereta analo zaidi, kwa sababu umeme usipopotea kwa miezi minne anaona ni baraka, kumbe siku ukipotea ndiyo siku jenereta itamuaibisha mbele ya wateja.

Dawa ya jambo hili ni rahisi na haina gharama. Ukijua mashine itakaa zaidi ya mwezi mmoja, mwaga mafuta yaliyo tangini uyarudishe mtungini, kisha washa injini iendelee kuunguruma hadi ijizime yenyewe. Hapo imenywa hata yale yaliyokuwa yamebaki kwenye kabureta. Kabureta nyingi zina skrubu ndogo chini ya bakuli, ukiilegeza matone ya mwisho hutoka. Fundi alimweleza mjomba jambo hili kwa dakika mbili, tena bila malipo, na mvua za masika zilipokuja tuliizima pampu kwa njia hiyo. Mwezi wa Juni iliwaka mvuto wa pili. Mimi ndiye niliyeivuta.

Sasa tuje kwenye mtungi wenyewe. Huku kwetu mtungi maarufu ni ule wa manjano uliotoka na mafuta ya kupikia. Watu huupenda kwa kuwa ni wa bure. Lakini kifuniko chake kimetengenezwa kuzuia mafuta mazito yasimwagike, si kuuzuia mvuke usipite. Isitoshe, mtungi huo huo wa manjano ndio hutumika kwa maji, kwa mafuta ya taa, na wakati mwingine kwa uji wa sherehe. Mtu mgeni atajuaje? Chupa ya soda ndiyo mbaya kupita zote. Plastiki yake ni nyembamba, mwanga hupita ndani wazi wazi, na mtoto akiiona hudhani ni kinywaji. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa usimtapishe hata kidogo, kwa maana inaporudi juu huingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mkimbize hospitali. Hatari hiyo ya mapafu ndiyo pia inayomkabili mtu anayefyonza petroli kwa mdomo kupitia mpira, jambo ambalo naliona stejini kila wiki watu wakicheka.

Mtungi ufaao ni ule uliotengenezewa petroli, wa chuma au wa plastiki nene, wenye kifuniko cha kubana na mpira wake. Katika nchi nyingi rangi nyekundu hutumiwa kwa petroli, na ni desturi nzuri kuifuata: mwekundu ni petroli, basi. Ukishanunua, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, kama tunavyoandika tarehe kwenye madaftari. Kazi ya kuandika tarehe ni ya sekunde tano, na ndiyo itakayokujulisha ni mtungi upi wa kutumia kwanza.

Usiujaze hadi mdomoni. Petroli hupanuka joto linapopanda, takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzijoto moja. Tupige hesabu: lita 20 zilizonunuliwa alfajiri kwenye baridi ya nyuzijoto 15, zikifika nyuzijoto 35 mchana, zitaongezeka karibu mililita 400. Hiyo ni zaidi ya ile chupa ndogo ya soda. Kama hakuna nafasi, zitaufanya mtungi uvimbe au zitatokea kifunikoni. Acha nafasi ya lita moja hivi. Nafasi kubwa zaidi ya hapo haifai, kwa sababu hewa nyingi ni oksijeni nyingi, na pia huleta unyevu. Usiku wa baridi unyevu huo huwa matone, matone hushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Lita moja ya petroli huwa na uzito wa robo tatu ya kilo hivi, ya maji ni kilo nzima. Maji hayo hukaa sakafuni mwa mtungi yakiuozesha kama ni wa chuma, na ndiyo ya kwanza kuteremka ukiisha mtungi kabisa. Ndiyo maana wenye uzoefu huacha nusu kikombe cha mwisho bila kukitia kwenye mashine.

Kuhusu maji kuna historia kidogo, na ninaipenda kwa sababu inatuhusu Wakenya. Miaka ya 1980 petroli iliyouzwa Nairobi ilichanganywa na ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa. Ethanoli huvuta maji kama chumvi inavyofanya wakati wa mvua. Katika nchi kama Marekani na Brazili ambako mchanganyiko wa aina hiyo ni wa kawaida, petroli ikikaa sana hunyonya unyevu hadi ethanoli na maji vikajitenga chini, na mashine haiwezi kuwaka kwa mafuta kama hayo. Kwa hiyo siku ethanoli ikirudi kwenye petroli yetu, tutahitaji kuwa waangalifu zaidi kuliko tulivyo.

Hadi hapa nimeongea kama mtu wa mashine. Sasa niongee kama mtu anayelala kwenye chumba kimoja.

Sisi tunaishi Makongeni, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. Ndani ya chumba chetu kuna kitanda, pazia, kochi, na jiko la makaa ambalo mama hulitia ndani mvua ikinyesha kwa sababu yeye hupika chapati za kuuza. Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Alikuwa na mtungi wa lita 10 chini ya kitanda, na chumba kilikuwa na ile harufu ambayo sote tulishaizoea. Siku moja baada ya kipindi cha kemia nilimwambia, "Kaka, huo mtungi unanuka."

"Petroli lazima inuke," akanijibu bila kuinua kichwa kwenye simu. "Ulitaka inuke maziwa?"

"Kama unainusa, si imetoka? Pesa zako zinapaa hewani."

Hapo aliinua kichwa. Hiyo ya pesa aliielewa. Kisha nikamweleza ile nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupandi juu ukatokea dirishani kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, unapita chini ya mlango na kujikusanya penye bonde. Na jiko la mama liko wapi? Sakafuni. Tena mvuke huo hauhitaji kuwa mwingi. Ukifika sehemu moja na nusu hivi katika sehemu 100 za hewa, cheche yoyote inatosha. Mafuta ya taa hayako hivyo. Hayo lazima yafikie joto la karibu nyuzijoto 40 ndipo mvuke wake uweze kushika moto, na ndiyo sababu tunaweza kuyatia kwenye koroboi. Petroli hushika hata kwenye baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sufuri, baridi ambayo hata kilele cha Mlima Kenya hakiijui. Kwa hivyo kwa petroli hakuna "saa hizi ni baridi, haitashika". Ndiyo maana pia mtu anayeuziwa mafuta ya taa yaliyotiwa petroli hulipukiwa na stovu.

Mama alikuwa akisukuma chapati muda wote huo, nikadhani hasikii. Akasema, "Nyinyi wawili mmemaliza kelele? Huo mtungi utoke kwangu leo. Si kesho."

Ulitoka. Lakini ulikwenda wapi? Hapa ndipo vitabu vingi hutuacha njiani. Vitabu husema petroli iwekwe kwenye kibanda cha peke yake nje, mbali na nyumba, chenye matundu ya hewa chini na juu, kivulini, na pasiwe na moto wala swichi karibu. Vizuri sana kwa mjomba aliye na shamba. Yeye amejenga kibanda cha mbao chini ya mparachichi, hatua thelathini kutoka nyumbani, na kufuli mlangoni. Lakini mpangaji wa Makongeni, Kiandutu au Githurai atajenga kibanda wapi? Ukiuweka uani, watoto wa ploti nzima wanacheza hapo. Ukiuweka chooni, mtu ataingia na sigara. Maoni yangu ni kwamba mtu anayeishi kwenye ploti hana haki ya kuweka petroli hata lita moja, kwa maana hachezi na chumba chake tu bali na vyumba kumi na viwili. Tangi la pikipiki lenyewe ni ghala tosha. Kaka sasa hununua kila jioni akielekea nyumbani, na pikipiki hulala nje kwa mlinzi.

Kuna wanaosema kwamba wanaweka akiba kwa sababu ya bei. Kama mjuavyo, mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na ikisikika kwamba itapanda, jioni hiyo vituo hujaa mitungi. Chukua mfano wa Septemba 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Nairobi ilitoka 194.68 ikafika 211.64 kwa lita, yaani nyongeza ya shilingi 16.96. Aliyejaza lita 20 usiku ule aliokoa shilingi 339 na senti 20. Je, hizo ni pesa za kumfanya mtu alale na moto chini ya kitanda? Nayo Aprili 2022, petroli ilipoadimika nchini na foleni zikawa ndefu, watu walijaza kila chombo walichokuwa nacho. Siwalaumu wale ambao kazi yao ingesimama, ila nashangaa ni mitungi mingapi kati ya ile ilikuja kugeuka gundi.

Jambo la umeme tuli sharti nilitaje, kwa sababu tunaliona vituoni na hatuambiwi sababu yake. Petroli inapotiririka kwa kasi ndani ya mtungi huzalisha chaji ya umeme, kama vile sweta inavyofanya ukiivua usiku. Mtungi ukiwa juu ya pikipiki au kwenye gari, chaji hiyo haina pa kwenda, na inaweza kuruka kama cheche. Mtungi ukiwekwa chini kwenye ardhi na bomba likagusa mdomo wake, chaji hushuka ardhini kimya kimya. Kwa hivyo mhudumu akikuambia "weka chini", usimwone anakusumbua. Na unapotia petroli kwenye jenereta au pampu, izime kwanza uiache ipoe. Mtu asiye na haraka hupoteza dakika kumi. Mwenye haraka humwagia petroli kwenye bomba la moshi lililo moto.

Ikitokea moto umewaka, tafadhali usichukue ndoo ya maji. Petroli huelea juu ya maji na kusafiri nayo ikiwaka, hadi kwa jirani. Mchanga, au blanketi nzito iliyoloweshwa maji, au kile kizimamoto cha unga, ndivyo vifaavyo.

Najua kuna atakayesema kwamba nimetisha watu bure. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya watu 100. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba na kuingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi, watu wakachota kwa ndoo, na hapo pia zaidi ya 100 wakafa. Sange kule Kongo mwezi wa Julai 2010, Morogoro mwezi wa Agosti 2019, hadithi ni ile ile. Wengi wetu tulikuwa wachanga au hatujazaliwa Sinai ilipoungua, na nadhani ndiyo sababu tunapita penye harufu ya petroli bila kugeuza shingo. Wale watu hawakuwa wajinga. Walijua petroli huwaka. Jambo ambalo macho hayangeweza kuwaonyesha ni kwamba moto hauhitaji kufika kwenye petroli, mvuke ndio unaoufuata moto ulipo.

Limebaki la misumeno na zile mashine za kufyekea zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Hizo changanya kidogo tu, za wiki hiyo. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, lita moja ya petroli hupewa mililita 20 za oili, na kama ni 25 kwa 1, mililita 40. Mtungi wa mchanganyiko uandikwe jina kubwa, kwa maana ukiutia kwenye pampu ya mjomba utatoa moshi mzito mweupe na kuichafua plagi.

Na je, ile iliyozeeka tayari tuifanyeje? Kuna jaribio dogo ambalo fundi alinionyesha, nalo hufanywa nje, mbali na moto. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli njema hupaa yote na kuiacha karatasi ilivyokuwa, iliyozeeka au iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ikiwa imezeeka kidogo tu, rangi bado ni safi, waweza kuichanganya lita moja kwa lita tano au zaidi za mpya na ukaitumia. Ikiwa ina rangi ya chai na harufu ya vanishi, usiitie kwenye mashine yoyote, na usiimwage mtaroni wala mtoni, kwa maana Ndarugu haiishii kwetu, kuna watu wanaoteka maji huko chini. Wala usiitumie kuwashia takataka. Mjomba alikuwa na lita saba hivi za aina hiyo. Fundi alizichukua, akazitia kwenye pipa la oili chafu ambalo huja kuchukuliwa, na akatoza shilingi mia moja kwa kazi hiyo. Mjomba alinung'unika njia nzima hadi Juja kwamba hajawahi kulipa pesa ili atupe petroli.